Kibodi ya kimakanika isiyo na waya

Kibodi ya kimakanika isiyo na waya (pia: baobonye ya kimakanika isiyo na waya) ni kifaa cha kuingizia maandishi kwenye kompyuta, tableti au simu. Kila kitufe chake kina swichi yake yenyewe yenye springi, na ishara za vitufe hupelekwa kwa mawimbi ya redio badala ya kebo. Inatofautiana na kibodi ya kawaida ya utando, ambayo vitufe vyake hukaa juu ya tabaka la mpira linalobonyea na kugusanisha njia za umeme zilizo chini yake.

Jijini Dar es Salaam kibodi za aina hii hutumiwa na waandishi, waandaaji wa programu, wahasibu, wanafunzi na watu wanaofanyia kazi nyumbani. Kwa wakazi wa vitongoji vya nje, kama Bunju na Tegeta katika Wilaya ya Kinondoni au Mbagala na Chamazi katika Wilaya ya Temeke, uchaguzi wake hautegemei jina la kampuni wala taa za rangi. Hutegemea zaidi kelele, umeme, usalama wa ishara na uwezekano wa kutengenezwa inapoharibika.

Historia

Mpangilio wa herufi wa QWERTY ulitokana na mashine ya kuchapa ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Nchini Tanzania mpangilio huo ulienea maofisini kupitia taipureta. Makatibu muhtasi walijifunza kuchapa bila kutazama vitufe katika vyuo kama Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho baadaye kilikuwa tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania.

Kibodi za kompyuta za miaka ya 1980 zilikuwa nzito na nyingi zilikuwa na springi chini ya kila kitufe. Mfano unaojulikana sana ni Model M ya kampuni ya IBM, iliyotoka mwaka 1985. Katika miaka hiyohiyo kampuni ya Cherry ilileta swichi za MX, ambazo umbo lake limeigwa na watengenezaji wengi. Kompyuta ziliposhuka bei, kibodi za utando zilichukua nafasi kwa kuwa ni rahisi kutengeneza.

Kibodi za kimakanika zilirudi kwa nguvu baada ya hataza ya Cherry kwisha muda wake katika miaka ya 2010. Makampuni ya China, kama Gateron, Kailh na Outemu, yalianza kutengeneza swichi zinazofanana na za MX kwa bei nafuu. Ndipo kibodi hizo, pamoja na zile zisizo na waya, zilipofikia wanunuzi wa kawaida.

Jinsi inavyofanya kazi

Ndani ya swichi kuna kijiti cha plastiki, springi na vipande viwili vya chuma. Kitufe kinapobonyezwa, kijiti hushuka na kuruhusu vyuma hivyo kugusana, hivyo saketi hufungwa na herufi huandikwa. Katika swichi ya kawaida ya Cherry MX kitufe hushuka milimita 4 hadi chini kabisa, lakini herufi huandikwa kikishuka milimita 2 hivi. Kwa sababu hiyo mchapaji mzoefu hahitaji kugonga kitufe mpaka mwisho.

Kuna aina tatu kuu za swichi:

- Swichi laini hushuka moja kwa moja bila kikwazo. Kwa kawaida hupewa rangi nyekundu au nyeusi. Nyekundu ya Cherry huhitaji nguvu ya gramu 45 hivi, nyeusi gramu 60 hivi.
- Swichi ya kugusika ina kijongo kidogo ambacho kidole hukihisi pale herufi inapoandikwa. Mara nyingi ni ya rangi ya kahawia.
- Swichi ya mlio ina kijongo na pia hutoa sauti kali ya "tik" kila inapobonyezwa. Mara nyingi ni ya buluu.

Rangi hizo ni desturi, si sheria. Kampuni moja inaweza kutumia rangi kwa maana tofauti na nyingine, hivyo maelezo ya mtengenezaji husomwa kwanza.

Kelele na makazi

Nyumba nyingi za vitongoji vya Dar es Salaam hupangishwa chumba kimoja kimoja, na sauti hupita kirahisi juu ya kuta zisizofika darini au kwenye madirisha ya nyavu yanayoachwa wazi kwa sababu ya joto. Swichi ya mlio inayompendeza mchapaji mchana huwa kero kwa mtoto aliyelala au jirani saa tano usiku. Kwa anayefanya kazi usiku, au anayehudhuria mikutano ya mtandaoni huku akiandika, swichi laini au ya kugusika inafaa zaidi. Kipande cha kitambaa kinene au mkeka wa mpira chini ya kibodi hupunguza mwangwi wa meza.

Kwenye duka la steshenari lililo kando ya barabara ya daladala, kelele ya vitufe si tatizo kubwa. Hapo jambo la kuangalia zaidi ni uimara, kwa kuwa watu kadhaa hutumia kibodi moja kutwa nzima.

Mpangilio wa vitufe na lugha ya Kiswahili

Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kilatini bila alama za juu, hivyo kibodi yoyote ya QWERTY inatosha. Herufi q na x hazitumiki katika maneno ya Kiswahili sanifu. Kinyume chake, a ndiyo herufi inayojitokeza mara nyingi kuliko zote, nayo hubonyezwa kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu. Mtu anayeandika kurasa nyingi za Kiswahili huhisi uzito wa swichi kwanza kwenye kidole hicho, hivyo swichi nyepesi humfaa zaidi.

Alama ya ritifaa, inayohitajika katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo, iko upande wa kulia wa kitufe cha nukta mkato. Kuna tofauti kati ya mpangilio wa Marekani na wa Uingereza: alama za @ na " hubadilishana nafasi. Mnunuzi akikuta alama inayotokea si ile iliyochorwa, kwa kawaida kibodi si mbovu. Mpangilio uliochaguliwa ndani ya kompyuta ndio unaopaswa kubadilishwa.

Ukubwa nao una maana. Kibodi kamili ina vitufe 104 au 105 pamoja na sehemu ya tarakimu upande wa kulia. Humfaa mhasibu, mwalimu anayejaza alama za wanafunzi na kila anayeingiza namba nyingi. Kibodi ya vitufe 87 hukosa sehemu hiyo. Ile ya vitufe 61 hukosa hata mishale, ambayo hupatikana kwa kubonya vitufe viwili kwa pamoja. Ndogo ni nyepesi kubeba kwenye daladala au mwendokasi, lakini humchelewesha anayehariri maandishi marefu.

Umeme na betri

Umeme ukikatika, kompyuta mpakato huendelea kwa betri yake. Kibodi ya waya yenye taa huchota umeme kwenye betri hiyohiyo, lakini isiyo na waya hutumia betri yake yenyewe. Huo ni unafuu mdogo, ila hupotea kama kibodi nayo haikuchajiwa.

Taa zilizo chini ya vitufe ndizo zinazomaliza betri. Kampuni ya Logitech hueleza kwamba kibodi yake ya MX Mechanical, iliyotoka mwaka 2022 ikiwa na betri ya mAh 1500, hudumu hadi siku 15 taa zikiwaka na hadi miezi 10 zikizimwa. Taa zina kazi kwa asiyejua kuchapa bila kutazama, hasa gizani. Mchapaji mzoefu anaweza kuzizima muda wote.

Kibodi inayofaa zaidi mahali penye umeme wa kukatikakatika ni ile inayokubali pia kebo ya USB ya Type-C. Inaweza kuchajiwa kwa pawa benki, na betri ikichoka baada ya miaka kadhaa huendelea kutumika kama kibodi ya waya. Kebo husaidia pia wakati wa matengenezo ya kompyuta, kwa kuwa Bluetooth mara nyingi haifanyi kazi kabla mfumo endeshi haujawaka.

Usalama wa ishara

Kuna njia mbili za kuunganisha bila waya: Bluetooth, au kipokezi kidogo cha USB kinachotumia masafa ya 2.4 GHz. Njia ya kwanza haihitaji kipokezi na huruhusu kibodi moja kuhamia kwenye kompyuta, tableti na simu. Njia ya pili huwa na kasi zaidi, lakini kipokezi kikipotea si rahisi kupata kingine kinacholingana.

Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba baadhi ya kibodi za bei nafuu zenye kipokezi zilipeleka herufi bila kuzificha kwa msimbo. Mtu aliye makumi ya mita mbali, mwenye kifaa cha redio, angeweza kusoma kila kinachoandikwa, pamoja na nywila. Mwaka 2023 ilitangazwa kasoro nyingine, iliyowezesha kibodi bandia kujiunganisha kwa Bluetooth na kompyuta au simu zisizosasishwa.

Jambo hili linagusa hasa maduka ya steshenari, ambako wateja hufungua barua pepe, hujaza maombi ya kazi na ya mikopo ya elimu ya juu, na huandikiwa namba za vitambulisho. Kwa kazi hizo inafaa kuchagua kibodi ambayo mtengenezaji wake ameeleza wazi kuwa mawasiliano yamefichwa kwa msimbo, kusasisha mfumo wa kompyuta, au kutumia kebo wakati wa kuandika nywila.

Vumbi, unyevu na matengenezo

Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na barabara nyingi za ndani ya vitongoji hazina lami. Vumbi huingia chini ya vitufe, na unyevu husababisha kutu kwenye vyuma. Kuifunika kibodi kwa kitambaa baada ya kazi na kuipiga brashi mara kwa mara huongeza maisha yake. Chai ya sukari ni adui mkubwa zaidi, kwa sababu hukauka na kugandisha swichi.

Watengenezaji wengi hudai swichi huvumilia mibonyezo milioni 50 au zaidi. Kwa hesabu hiyo, mtu anayebonya herufi a mara 5,000 kila siku angehitaji zaidi ya miaka 27 kuimaliza swichi yake. Kinachoharibika kwanza mara nyingi ni betri, tundu la kuchajia, au swichi iliyoingiwa na maji na vumbi.

Ndiyo maana aina ya bodi ni muhimu. Katika baadhi ya kibodi swichi zimelehemiwa, na kubadilisha moja huhitaji fundi mwenye chombo cha kulehemu. Katika nyingine swichi huchomekwa kwenye vitundu na kuchomolewa kwa koleo dogo, hivyo mwenyewe anaweza kubadilisha swichi moja iliyokufa. Vifuniko vya vitufe vya plastiki ya PBT huchelewa kung'aa na kulainika kuliko vya ABS.

Kununua

Soko kubwa la vifaa vya kielektroniki jijini ni Kariakoo, katika Wilaya ya Ilala. Wengine huagiza kutoka China au Dubai kupitia mawakala wa mizigo. Betri za lithiamu huhesabiwa kuwa mizigo ya hatari katika usafiri wa anga, hivyo wakala huulizwa mapema kama anapokea bidhaa zenye betri na kwa gharama gani.

Kibodi yenye taa nyingi si lazima iwe ya kimakanika. Nyingine ni za utando zilizoundwa zifanane nazo. Kabla ya kulipa, mnunuzi anaweza:

- kung'oa kifuniko kimoja na kutazama kama chini yake kuna swichi kamili;
- kubonya kila kitufe katika programu ya maandishi, na kuona kama kuna kinachokosa au kurudia herufi;
- kuchomoa kebo na kujaribu Bluetooth pamoja na kipokezi;
- kukagua kama tundu la kuchajia halichezi;
- kuuliza muda wa dhamana na kudai risiti ya EFD, ambayo ni ushahidi wa ununuzi.

Kwa mtu anayeandika barua chache kwa wiki, kibodi ya utando yenye waya inatosha na ni rahisi kuipata. Kibodi ya kimakanika isiyo na waya humrudishia gharama yake yule anayechapa saa nyingi kila siku, hasa ikiwa inafaa masikio ya jirani, inakubali kebo, na inaweza kufunguliwa na kutengenezwa.