Valvu ya Redio na Mlango Uliofungwa kwa Hataza

Aghalabu historia ya uvumbuzi husimuliwa kama hadithi ya shujaa mmoja aliyeona yale ambayo wenzake hawakuyaona. Historia ya valvu, ile chupa ya kioo iliyoondolewa hewa ambayo ilikuwa moyo wa redio za majumbani kabla ya transista, inatufunza vingine.

Mwaka 1904 John Ambrose Fleming, profesa jijini London na mshauri wa kampuni ya Marconi, alitengeneza valvu yenye sehemu mbili: uzi unaopashwa moto na bamba la kupokea elektroni. Iliweza kutambua mawimbi, lakini haikuweza kuyakuza. Mwaka 1906, huko Marekani, Lee de Forest aliongeza sehemu ya tatu kati ya hizo mbili. Nyongeza hiyo ndiyo iliyokuja kuwezesha mawimbi hafifu kukuzwa hadi yakasikika.

Hapo sheria ikaingia kati. Mwaka 1916 mahakama nchini Marekani iliamua kwamba valvu ya de Forest imekiuka hataza ya Fleming. Hata hivyo, kampuni ya Marconi nayo haikuweza kuunda valvu yenye sehemu tatu bila idhini ya upande wa pili. Kila mmoja alishika nusu ya ufunguo, na mlango ukabaki umefungwa.

Aliyeufungua ni vita. Serikali ya Marekani ilizihitaji valvu kwa wingi, ikawakinga watengenezaji dhidi ya madai ya hataza. Amani iliporejea, kampuni ya RCA ikaundwa mwaka 1919, na mwaka uliofuata makampuni makubwa yakakubaliana kutumia hataza zao kwa pamoja. Ndipo valvu zikaanza kuuzwa kwa wingi madukani.

Valvu ya UV-201 ilikula ampea 1 ya betri. Iliyofuata, UV-201A, ambayo uzi wake ulitiwa thori, ilikula robo tu. Redio ya valvu tano ikashuka kutoka ampea 5 hadi 1.25, na betri ikadumu mara nne zaidi.

Mwaka 1943 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha hataza ya Fleming, ilhali muda wake ulikuwa umekwisha zamani. Jasho la mvumbuzi lastahili malipo. Lakini wanaotunga sheria za dawa na mbegu leo na wajiulize: je, tungoje vita vingine ndipo tufungue mlango?