Papasi na Kijidudu Chenye Umbo la Parafujo

Wasikilizaji, njia itokayo Bagamoyo huishia Msata, ikutanapo na barabara kuu iendayo kaskazini. Nchi hii ilizoea wasafiri tangu zamani, maana katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango wa misafara ya bara. Wapagazi walichukua nguo na pembe, na usiku walilala katika vibanda vya njiani. Humo, katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta, alikaa papasi.

Papasi ni jamaa ya kupe. Mchana hujificha, usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi kwake kabla aliyelala hajaamka. Baada ya siku chache mtu hushikwa na homa kali. Homa humwacha, naye hudhani amepona; kumbe humrudia tena na tena.

Wenyeji wa nchi nyingi za Afrika walimwogopa mdudu huyu kabla ya wataalamu kumchunguza, na David Livingstone alitaja ugonjwa wake katika kitabu chake cha mwaka 1857. Lakini papasi alitia nini mwilini?

Mwaka 1904 jibu lilianza kuonekana Uganda, na pia Kongo ya mashariki, ambako waganga Dutton na Todd walichunguza jambo hilo hilo. Dutton aliugua homa hiyo, akafa Kasongo mwezi wa Februari 1905, naye hajatimiza miaka 31. Mwaka huo huo Robert Koch, mtaalamu wa Kijerumani, alishika njia ya misafara kutoka Dar es Salaam, akakusanya papasi vibandani. Kwa darubini ya kukuzia aliona vijidudu ndani yao, hata katika mayai yao. Basi papasi huweza kuzaliwa na ugonjwa tayari.

Bakteria wengi wana umbo la tufe au la kijiti. Huyu ni mwembamba, amejipinda kama parafujo. Wakipangwa mmoja nyuma ya mwingine, hamsini mpaka mia hutimiza milimita moja tu. Ndani yake hamna kiini kilichofungwa kwa ngozi yake, kama kilivyo katika chembe za miili yetu. Bakteria wengine huogelea kwa mijeledi iliyo nje ya mwili. Mijeledi ya huyu imefichwa chini ya ngozi ya nje, nayo ikizunguka, mwili wote hujinyonganyonga na kupenya mbele.

Ngozi hiyo ya nje ndiyo siri ya homa kurudi. Damu yetu huitambua na kuwaua vijidudu walio wengi. Lakini wachache hubadili ngozi kama mwizi abadilivyo kanzu, wakazaana upya kabla hawajatambuliwa. Kijidudu hiki huitwa Borrelia duttonii, kwa kumkumbuka Dutton.

Papasi huweza kukaa miaka bila kula. Kwa hiyo nyumba iliyohamwa si salama. Zibeni nyufa, sakafu iwe ngumu, kitanda kikae mbali na ukuta. Homa ikirudi, msiseme ni malaria tu: mpelekeni mgonjwa hospitali, damu yake ipimwe, kwani dawa ipo. Wenye mimba na watoto wachanga wasicheleweshwe hata kidogo, maana homa hii ni hatari zaidi kwao.