'Kingdom Come': Albamu iliyotwishwa sifa ya uasisi wa hevi metali

Na Mwandishi Wetu

WAPENZI wa muziki wa roki nzito wamekuwa wakivutana kwa miaka mingi kuhusu albamu ambayo wengi wao husimuliwa sifa zake kabla ya kuisikia: 'Kingdom Come' ya kundi la Sir Lord Baltimore la Marekani.

Albamu hiyo yenye nyimbo 10 ilitolewa mwaka 1970 na kampuni ya Mercury. Kundi hilo lilianzia Brooklyn, New York, likiwa na vijana watatu: John Garner aliyepiga ngoma huku akiimba, Louis Dambra wa gitaa na Gary Justin wa gitaa la besi. Jina lao lilitokana na mhusika anayetajwa katika filamu 'Butch Cassidy and the Sundance Kid' ya mwaka 1969.

Maandalizi hayakuwa ya kubahatisha. Mike Appel, ambaye baadaye alikuwa meneja wa Bruce Springsteen, alishiriki kutunga na kutayarisha nyimbo, na Eddie Kramer, fundi mitambo wa Jimi Hendrix, alishiriki kuchanganya sauti. Mwaka 1971 kundi hilo lilitumbuiza katika ukumbi wa Fillmore East, New York, pamoja na Black Sabbath.

Chimbuko la mvutano ni mapitio ya Mike Saunders katika jarida la Creem la Mei 1971, yaliyoihusisha albamu hiyo na jina la hevi metali. Wakati huo jina hilo lilikuwa bado halijazoeleka katika muziki, hivyo mapitio hayo yakawa yakitajwa miongoni mwa maandishi ya awali kulitumia. Polepole, heshima ya jina ikahamia kwa kundi lenyewe, likaanza kuitwa mwasisi wa mtindo.

Wanaoitetea albamu hiyo husifu kasi yake, besi inayonguruma katika 'Master Heartache' na magitaa ya Dambra yaliyorekodiwa tabaka juu ya tabaka. Hukumbusha pia kwamba kupiga ngoma kwa nguvu kiasi kile huku ukiimba si kazi ya kila mtu. Kwao, 'Lake Isle of Innersfree', wimbo wa taratibu, ni ushahidi kuwa vijana hao hawakujua kelele pekee.

Wanaoipinga hujibu kwamba Garner hupaza sauti kupita kiasi, kwamba magitaa hugongana, na kwamba nyimbo zikimalizika msikilizaji habaki na kiitikio cha kuimba njiani. Kwa maoni yao, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Katika hoja ya uasisi, kalenda iko upande wa wapinzani. Blue Cheer walitoa 'Vincebus Eruptum' mwaka 1968, na albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilitoka Februari 1970. Kuitwa jambo kwa jina jipya si sawa na kulianzisha.

Hata hivyo, hoja hiyo haiifanyi albamu kuwa mbaya. Sifa ya uasisi ndiyo iliyoiumiza: anayeambiwa kuwa atakutana na msingi wa mtindo mzima huvunjika moyo anapokuta kazi ya kwanza ya vijana wenye pupa. Asiyeahidiwa kitu huweza kuifurahia pupa hiyo hiyo.

Albamu ya pili ya mwaka 1971 haikufua dafu sokoni, na kundi likasambaratika. Albamu zote mbili zilitolewa upya katika diski moja mwaka 1994. Garner na Dambra walirejea na albamu ya tatu mwaka 2006, kabla ya Garner kufariki dunia mwaka 2015.

Kwa msikilizaji mpya, njia ya haki ni kuanza na nyimbo, kisha ndipo asome sifa.