Somo la Redio: Neno "Zaidi"

Chukueni daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni neno moja tu: ZAIDI.

Asili ya neno hili ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kitu kinachoongezeka. Ndugu zake ni ziada, kuzidi, na kuzidisha, kule kuzidisha kwa hesabu. Yaandikeni, mtaona yote yana z na d.

Limefikaje kwetu? Pwani, Waarabu na wenyeji walifanya biashara kwa karne nyingi, na Kiswahili kikapata maneno mengi ya soko. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilitoka pwani mpaka Tabora, na Tabora mpaka Karagwe. Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanika mwaka 1861, wafanya biashara wa Kiarabu walikuwa wamekwisha kuweka kituo Kafuro. Pembe zilipimwa kwa frasila, yaani kama kilo 16. Na penye mizani, neno la kuongezeka halikosi kazi.

Msidhani kwamba wenyeji hawakuwa na neno la kukuza jambo. Mhaya husema muno, Mswahili husema mno. Hapo hatakiwi mkalimani! Lakini mno na sana hujitosheleza. Ukisema, "Gunia hili ni zito sana," basi, umemaliza. Ukisema, "Ni zito zaidi," mwenzako atauliza: kuliko lipi?

Swali hilo ni la fedha. Mkulima amepeleka kahawa kilo 60 kamili. Karatasi ukutani yasema: "Wenye zaidi ya kilo 60 watalipwa leo." Je, atalipwa? Hapana, hata kama amepungukiwa na punje chache tu. Kama ingeandikwa, "Wenye kilo 60 au zaidi," angelipwa. Neno ni lile lile, limehama mahali tu, na mtu anarudi nyumbani mikono mitupu. Hali kadhalika dawa: "si zaidi ya vidonge 8 kwa siku" maana yake vinane ni ruhusa, cha tisa ni marufuku.

Sasa nakilini zile sentensi mbili za kahawa. Kisha kila mmoja amweleze jirani yake: mwenye kilo 59, mwenye 60, na mwenye 61, nani atalipwa kwa karatasi ya kwanza, na nani kwa ya pili?