Kinaya cha vita vya Taveta katika riwaya na historia

KINAYA ni hali ya mambo kwenda kinyume na yalivyotarajiwa. Waandishi wa usasaleo, ambao huzitilia shaka simulizi kuu za historia, hukichanganya na ucheshi mchungu: msomaji hucheka, kisha akajutia kicheko chake.

Taita Taveta ina mfano ulio karibu na mkondo huo. Riwaya ya William Boyd, An Ice-Cream War, ilichapishwa mwaka wa 1982 na kuingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Inahusu Vita Vikuu vya Kwanza vilivyopiganwa Afrika Mashariki. Walter Smith, mkulima wa mkonge kutoka Marekani, ananyang'anywa na Wajerumani mashine yake ya kuchambua nyuzi. Mataifa yanapigania himaya, yeye anaisaka mashine. Jina la riwaya latokana na dhana kwamba vita havingedumu, kwa kuwa jua lingewayeyusha wapiganaji kama aiskrimu. Vilidumu zaidi ya miaka minne.

Historia yenyewe haikupungukiwa na kinaya. Mnamo Februari 12, 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini, waliozoea kuwadharau wenzao wa Kihindi, walishambulia kilima cha Salaita, mashariki mwa Taveta, wakatimuliwa. Waliowakinga ni kikosi cha Baluchi kutoka India. Naye Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani alisalimisha silaha Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya mapigano kukoma Ulaya.

Hata hivyo, wahusika wakuu wa Boyd ni walowezi na maofisa. Wenyeji walikuwa na machungu yasiyochekesha. Mwaka wa 1915, Waingereza waliwashuku wakazi wa Kasigau, kusini mashariki mwa Voi, kuwa waliwasaidia Wajerumani, wakawahamishia Malindi kwa nguvu. Wengi walifia ugenini. Waliosalia walirejea katika miaka ya 1930. Aidha, wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Uingereza walikufa, hasa kwa maradhi.

Voi, Maktau na Taveta zina makaburi ya vita yanayotunzwa hadi leo, yenye majina ya askari. Wapagazi wengi hawakuwekewa hata jiwe. Wahenga walinena kuwa wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi; riwaya ya nyasi hizo ingali yahitaji mwandishi.