Sheria ya chai na lebo zake

Katika muda usiofika miaka kumi, mkulima wa chai wa Litein au Mogogosiek amepita mikononi mwa sheria tatu. Sura ya 343 ya Sheria za Kenya, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ilifutwa na Sheria ya Mazao ya 2013. Kisha ikaja Sheria ya Chai, namba 23 ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 11 Januari 2021 na kuirudisha Bodi ya Chai ya Kenya. Sheria hiyo inagusa mambo ambayo watu wa Kericho na Bomet huyajadili kituoni wakisubiri majani yao yapimwe: chai iuzwe vipi mnadani Mombasa, malipo ya mwezi yawe kiasi gani, bonasi itoke lini.

Sasa mfikirie anayepanga maandishi ya sheria hizo yachapwe. Kwa miaka mingi Sheria za Kenya zilitolewa katika majalada ambayo kurasa zake huchomolewa na kuwekwa nyingine kila sheria inaporekebishwa. Karani akisahau ukurasa mmoja, wakili atasimama mahakamani na kifungu kilichokwisha kufutwa. Mtandao ulipofika, ofisi nyingi za uchapishaji duniani ziliongezewa kazi badala ya kupunguziwa. Maandishi yaleyale yalipangwa mara ya pili kwa ajili ya kioo, na kosa lililosahihishwa kitabuni likabaki kwenye tovuti.

Dawa ya shida hiyo ilianzia kwa mwanasheria. Charles Goldfarb alisomea sheria Harvard kabla ya kuajiriwa na IBM. Mwaka 1969, yeye pamoja na Edward Mosher na Raymond Lorie walikuwa wakitafuta namna ya kuziwezesha ofisi za mawakili kuhifadhi hati, kuzihariri na kuzichapa kwa kompyuta. Wakati huo alama zilizotiwa ndani ya maandishi zilikuwa amri kwa mashine: ruka mstari, ongeza ukubwa wa herufi, sogeza kulia. Wao wakageuza mambo. Alama iseme kipande hiki ni nini: kichwa, kifungu, tarehe, jedwali. Sura yake itaamuliwa baadaye, mahali pengine. Lugha yao waliiita GML, kwa herufi za kwanza za majina yao ya ukoo. Mtoto wake, SGML, alitambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, lakini alikuwa mzito mno kwa mtandao. Kundi lililoongozwa na Jon Bosak wa kampuni ya Sun Microsystems likampunguza uzito, na tarehe 10 Februari 1998 shirika la viwango vya mtandao la W3C likaidhinisha matokeo yake, XML 1.0.

Kinachompendeza mpangaji kurasa katika XML ni kwamba lebo, yaani hizo alama, anazibuni mwenyewe, hata kwa Kiswahili. Anaandika neno “kifungu” ndani ya mabano ya pembe mwanzoni mwa kipande na kulifunga mwishoni. Baada ya hapo faili ni moja na maagizo ya sura ni mawili. Agizo la kitabu linasema vifungu vyote viwe na herufi za pointi kumi, na namba zikae pambizoni. Agizo la simu linasema vifungu vyote vijaze upana wa kioo. Kifungu kikirekebishwa, kinarekebishwa mara moja, na kitabu na simu vyote vinapata maneno mapya.

Afrika Mashariki haikungoja kuletewa jambo hili likiwa limekamilika. Katikati ya miaka ya 2000, mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuimarisha mabunge ya Afrika uliendesha kazi zake kutoka Nairobi. Huko ndiko ilikotengenezwa Bungeni, programu ya kusimamia miswada na kumbukumbu za vikao. Mradi huohuo, pamoja na wataalamu Fabio Vitali na Monica Palmirani wa Chuo Kikuu cha Bologna, ulizaa Akoma Ntoso, msamiati wa XML kwa ajili ya sheria, miswada na hukumu. Mwaka 2018 shirika la OASIS liliupitisha kuwa kiwango cha kimataifa. Seneti ya Italia inautumia. Naliona hili kuwa miongoni mwa michango mikubwa ya bara letu katika ufundi wa uchapishaji, na inaniuma kwamba ni wachache wanaolijua, hata Nairobi kwenyewe.

Siku hizi tovuti ya Kenya Law, iliyojengwa upya kwa ushirikiano na Laws.Africa ya Cape Town, inaziweka sheria kwa mpangilio huo. Anwani ya Sheria ya Chai humo ina “akn”, yaani Akoma Ntoso, kisha “ke” ya Kenya, “act”, 2020 na 23. Mbele yake huja lugha na tarehe ya toleo. Tarehe hiyo ni muhimu sana kwa mkulima mwenye kesi Kericho au Bomet, kwa kuwa swali la kwanza huwa ni sheria ilisemaje siku mgogoro ulipozuka.

Mafundi wa maduka ya uchapishaji mjini Kericho tayari wanaitumia XML, wajue wasijue. Chukua nakala ya hati ya Word yenye mwisho wa docx, ubadilishe mwisho huo uwe zip, kisha uifungue: ndani kuna faili iitwayo document.xml. Michoro ya SVG na vitabu vya EPUB navyo hutumia XML. Kwa kadi ya harusi, mtu asijisumbue kubuni lebo. Lakini ripoti ya mwaka ya kiwanda cha chai, yenye majedwali yaleyale kila mwaka, au sheria ndogo za kaunti, ni kazi zinazostahili kuwekewa lebo tangu mwanzo, badala ya kuishia kuwa PDF ambayo kwenye simu husomwa kwa kuburuta kidole kushoto na kulia.

Na lipo suala la lugha. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi, na inaitaka Serikali iendeleze lugha za wenyeji. Katika anwani ya Akoma Ntoso Kiingereza huandikwa “eng”. Nafasi hiyohiyo inapokea “swa” ya Kiswahili na “kln” ya Kikalenjini, na namba za vifungu hubaki zilezile, hivyo kifungu cha 10 katika lugha moja kinaweza kuwekwa ubavuni mwa kifungu cha 10 katika nyingine. Agizo la sura lililopanga kurasa za Kiingereza litazipanga na za lugha nyingine bila kuanza upya. Kinachohitajika ni watafsiri, na bajeti ya kuwalipa.