Dar ilipotoa bingwa wa Safari mara mbili mfululizo

Pasaka ya mwaka huu imetimia miaka 60 tangu Bert Shankland na msoma ramani wake, Chris Rothwell, watoke Dar es Salaam na Peugeot 404 wakaenda kuchukua ubingwa wa East African Safari wa 1966. Mwaka uliofuata wakarudi na gari la aina ileile, wakachukua tena. Sherehe sijaisikia, wala sijaona mstari mmoja gazetini. Pita Mtaa wa Msimbazi uwaulize vijana wauza spea wanamjua bingwa gani wa Safari. Watakutajia Joginder Singh wa Kenya, au Colin McRae wa kwenye michezo ya kompyuta. Mmoja aliniuliza kama Shankland ni aina ya tairi.

Aliyenishika mkono katika habari hii ni fundi mstaafu wa eneo la Gerezani. Ameomba nisimtaje jina kwa sababu, anavyodai, akitajwa tu ataanza kupelekewa magari mabovu nyumbani. Alianza kama saidia fundi katikati ya miaka ya sitini, akipitisha spana na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mpaka leo historia yote ya mbio za magari Afrika Mashariki anaigawa mafungu mawili: kabla ya 404 na baada ya 404. Nimemfuata hapa na pale, ila msomaji ajue mapema kwamba mzee huyu ana upande.

Mwanzo wenyewe unajulikana. Eric Cecil wa Kenya alimshawishi binamu yake, Neil Vincent, akashindane kwenye uwanja wa Langa Langa karibu na Gilgil. Vincent akakataa, kwamba kuzunguka duara moja kutwa nzima hakuna maana. Afadhali mtu atoke mlangoni kwake, akatize Afrika, arudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa, wazo hilo likapata kisingizio na jina: Coronation Safari. Magari yalipangwa kwenye makundi kwa bei yake ya dukani, na washindani walianzia sehemu tatu, Nairobi, Kampala na, kwa upande wa Tanganyika, Morogoro. Hakukuwa na mshindi wa jumla mwaka ule. Vic Preston akashinda 1954 kwa Volkswagen na 1955 kwa Ford Zephyr. Bill Fritschy akashinda 1959 na 1960 kwa Mercedes 219. Mwaka 1960 mambo ya kutawazwa yakaondolewa kwenye jina, ikawa East African Safari. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakafika saba.

Hayo saba ndiyo yanayomfanya mzee anyanyue kidole, kwa sababu lililoongoza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff wa Kenya. Kwa hesabu zake, siku ile mafundi wa Dar walipata jibu la swali walilokuwa wakiulizana gereji kwa gereji: ni gari gani la dukani, la mtu wa kawaida mwenye kazi yake, linaloweza kwenda karibu kilomita 5,000 kwenye tope na vumbi kwa siku nne au tano na bado likawaka asubuhi?

Nilimwomba anieleze 404 ilikuwa na nini. Hakunijibu kwa maneno. Aliinama, akachukua kipande cha chaki, akachora kwenye sakafu ya saruji bomba refu kutoka kwenye gia mpaka kwenye difu. Shafti ya 404 haikuning'inia wazi chini ya gari kama ya magari mengine, ilifichwa ndani ya bomba hilo, jiwe likirushwa halikuigusa. Kisha akachora difu yenyewe. Badala ya meno mawili yanayokutana kwa pembe, kulikuwa na chuma chenye mzingo kama skrubu kinachosukuma gurudumu la meno. Kilikuwa kimya na kigumu kufa, na fundi asiyekijua alikiharibu kwa kuweka oili isiyo yake. Akaendelea: springi za mzunguko pande zote badala ya majani ya chuma, na injini ya lita 1.6 iliyolazwa upande kwa nyuzi 45. Magari yaliyoshinda yalikuwa yale yanayopuliza petroli kwa pampu, hayakuwa na kabureta. Mwisho akachora tundu dogo kwenye bampa ya mbele. Hapo, akasema, ndipo hendeli ya kuwashia kwa mkono ilipoingia. Betri ikifa saa nane za usiku porini, wenzako wanasubiri mchana, wewe unazungusha hendeli na kuondoka.

Mchoro ule tuliukanyaga wote wawili kabla sijaupiga picha, lakini nadhani niliuelewa.

Shankland alikuwa Mskoti aliyehamia Tanganyika akafanya kazi Tanganyika Motors, waliokuwa wakala wa Peugeot hapa mjini. Huyu basi hakuwa dereva wa kukodiwa aliyeshushwa na ndege wiki ya mashindano. Alijua magari aliyoyaendesha kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakiingia kutengenezwa pale alipofanya kazi siku zote. Na barabara alizijua. Safari ya wakati ule haikufungiwa barabara: ulikutana na mabasi, ng'ombe, lori la pamba lililokwama katikati ya njia na dereva wake amelala chini ya turubai. Ukichelewa kufika kituo unaandikiwa pointi, na mwenye pointi chache zaidi ndiye bingwa. Kwa upande wetu, sehemu zilizoogopwa zaidi zilikuwa milima ya Usambara na kule Mbulu, ambako njia inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenye udongo ambao ukilowa hauna rafiki. Vijana wa vijijini walikaa tayari kusukuma, kwa malipo, na sioni ubaya wake. Ile ilikuwa Pasaka yao pia. Kuna kisa kinachopendwa cha Erik Carlsson wa Sweden, aliyeikwamua Saab yake kwenye tope kwa kuibiringisha ubavu kwa ubavu mpaka ikatoka. Mwaka 1964 huyo alimaliza wa pili. Watu wa Ulaya hawakufika zaidi ya hapo kwa muda mrefu.

Sasa tufike kwenye ugomvi. Nairobi inasimulia Safari kama mali yake, na kwa kiasi kikubwa ina haki: makao yalikuwa kule, klabu ilikuwa kule, na mara nyingi bendera ilishushwa kule. Katika simulizi hilo mwaka 1965 unapewa kurasa nyingi, kwa sababu ndipo Joginder Singh na ndugu yake, Jaswant, waliposhinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Kisa chao ni kizuri na sina neno. Lakini ukiendelea kusoma, 1966 na 1967 zinapita kwa sentensi moja, halafu unaambiwa habari za 1968. Mzee wa Gerezani analichukulia jambo hili kama mtu aliyedhulumiwa kiwanja. Anahoji: Preston alishinda mara mbili mfululizo anaitwa gwiji, Fritschy vilevile, Shankland akafanya hivyohivyo kutoka Dar anaitwaje? Watanzania wenyewe nao, anasema, hawakumdai, kwa kuwa hakuwa mweusi.

Hapo mzee yuko karibu na ukweli ambao yeye mwenyewe haupendi. Madereva wa Safari wa miaka ile karibu wote walikuwa Wazungu na Wahindi, watu wenye gari na muda wa kuliharibu. Waafrika wa Dar walikuwa chini ya magari hayo, mgongo kwenye gunia, mafuta yakiwadondokea usoni. Kila gari lililorudi limepinda chesi au limemwaga oili lilipita mikononi mwao, na kwenye orodha za washindi hutakuta jina hata moja la aliyefunga nati. Kwa hiyo kama Dar inataka kudai ubingwa wa 1966, mimi ningeanzia kwa hao, kisha ndiyo nifike kwenye kiti cha dereva. Mzee hakukubaliana nami. Anasema fundi asiye na dereva ni msukuma toroli.

Wakati nao ulikuwa unageuka. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Wiki saba baadaye, Pasaka, Shankland na Rothwell wakashinda tena. Nchi ilikuwa inazungumza jembe na kujitegemea, benki zimetaifishwa, viongozi wamekatazwa kumiliki nyumba za kupangisha, na huku jiji kuu lake linatoa bingwa wa mchezo wa gharama kuliko yote. Hata hivyo, 404 haikuwa gari la kutia aibu. Ilikuwa gari la teksi, la daktari wa wilaya, la mfanyabiashara wa Kariakoo anayepakia mizigo mpaka springi zinalala. Mtu aliyekuwa akipanda Peugeot kwenda mazikoni Kisarawe aliweza kusema gari hilohilo ndilo limeshinda. Mwaka 1968 Nowicki akakamilisha ushindi wa tatu mfululizo wa 404, katika Safari ambayo kati ya magari zaidi ya 90 yaliyoondoka yalirudi saba tena.

Kisha yakaja magari ya michezo. Edgar Herrmann alishinda 1970 kwa Datsun 1600 SSS, na 1971 kwa Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye boneti refu na injini ya silinda sita. Shankland alikuwa wa tatu mwaka huo, kwa Peugeot 504. Mzee anaiita 240Z gari la kujionyesha, ingawa nikimtazama usoni naona alilipenda.

Mwaka 1972 Dar es Salaam ndiyo iliyopewa heshima ya kuanzisha Safari, badala ya Nairobi. Ni jambo ambalo leo ukilisema barazani unaambiwa umechanganya. Timu za viwanda zilikuja na nguvu zote: Ford na Escort RS1600, Datsun na 240Z, Porsche 911 nazo zikaja. Kwa miaka 19 kulikuwa na imani kwamba mtu wa kutoka ng'ambo hawezi kushinda Safari, kwamba tope letu linamtambua mgeni. Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden wakaivunja imani hiyo kwa Escort. Sobiesław Zasada wa Poland akawa wa pili kwa Porsche, na Vic Preston mdogo, mtoto wa bingwa wa kwanza, akawa wa tatu. Mzee anasema baada ya hapo mchezo ulikwisha. Gari lako la kazini haliwezi kushindana na kiwanda kinacholeta mafundi wake, matairi yake na madereva wanaofanya mazoezi kwenye njia hizo kwa wiki kadhaa. Ubingwa ulihama kutoka kwa anayejua barabara kwenda kwa mwenye bajeti. Wakenya wangebisha kwa hoja nzuri, maana mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa 240Z baada ya kufungana pointi na Harry Källström. Joginder naye akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Lakini hao walikuwa wa Nairobi, na sisi tulishaanza kutoka kwenye picha.

Uganda iliondolewa kwanza, kwa sababu ya Idi Amin. Mwaka 1974 neno la Afrika Mashariki likafutwa kwenye jina, ikabaki Safari Rally, ya Kenya peke yake. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda dunia nzima. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Vita vya Kagera vikafuata. Waliokuwepo wanakumbuka enzi ya marufuku ya kuendesha magari binafsi Jumapili mchana. Katika hali hiyo anayelilia mbio za magari angeonekana hana akili timamu. Gereji ziliishi kwa kuunganisha: sehemu ya gari hili kwenye lile, mpira wa maji uliofungwa kwa kipande cha tyubu. Mzee anasema ufundi wa kweli aliujua miaka ile, na Safari haikuwa na mchango wowote.

Yaliyofuata hana habari nayo sana, na mimi sitayarefusha. Tangu 2003 Safari ya magari ya zamani, East African Safari Classic, imerudi mara kadhaa kupitia kaskazini mwa Tanzania, na 240Z na Porsche 911 zikaonekana tena vumbini. Tanzania ina raundi yake ya ubingwa wa Afrika, iliyobeba jina la Mkwawa. Safari ya Kenya ilipoteza nafasi yake ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikaipata tena 2021, na sasa umati hujaa Naivasha kutazama Toyota zikishinda. Gerezani kwenyewe mabasi ya Mwendokasi yanageuzia palepale, na maduka ya spea yaliyobaki yanauza taa na bampa za Toyota zilizotoka Japani. Za Peugeot hakuna anayeziulizia.

Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yana magari ya viongozi ambayo watoto wa shule hupelekwa kuyatazama. Nilimwambia mzee kwamba ingefaa ipatikane 404 moja, hata iliyochoka, iwekwe pale na majina ya Shankland na Rothwell, na chini yake jina la fundi yeyote wa Dar atakayethibitika aligusa gari lile. Alifikiri kidogo, akauliza nani ataitafutia difu.